Makonsuli Wawili Ndani ya Gari Moja

Tangu nirudi Unguja, kila anayenisimamisha njiani ananiuliza yale yale. Khalfan yu hali gani? Ana gari gani sasa? Nyumba yake kweli ina bustani ya mitende? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nilikuwa hali gani huko. Basi nimeona niyaandike yote mara moja, mpokezane msome, nanyi mniache nipite sokoni nikanunue samaki wangu kwa amani.

Kwa asiyetujua: Khalfan ni mtoto wa ami yangu. Tulikaa dawati moja skuli, na katika Historia nilimshinda kila mwaka, jambo ambalo yeye amelisahau na mimi sijalisahau. Alikwenda Omani akiwa kijana, akaingia wizarani, akastaafu mudiri, yaani mkuu wa idara. Mimi nilibaki hapa, nikasomesha Historia na Uraia, nikastaafu mwalimu. Mwanangu Salim alipomaliza skuli, Khalfan alimwita, akamtia chuo, akamtafutia kazi. Leo ni mhandisi wa maji katika ofisi ya serikali mjini Izki. Nimemshukuru Khalfan kwa hilo mara nyingi mpaka shukrani zenyewe zimenichosha.

Haja yangu ya kwenda ilikuwa moja tu: kumwona Salim. Na nikisema kweli yote, nilitaka kuhakikisha kwamba bado anajua baba yake ni nani.

Maskati mpaka Ibra

Khalfan alikuja kunipokea kwa gari jeupe, refu, lenye baridi ndani kiasi cha kuumiza magoti. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshaipanga safari yote. Leo Jumanne tulale Ibra kwa jamaa. Kesho Sur kwa shangazi. Alhamisi tukate bara mpaka Izki tumchukue Salim, tuingie Nizwa jioni. Mimi sikuulizwa hata kama nina kiu.

Nikamwambia, "Khalfan, unawakumbuka Warumi?"

"Nawakumbuka. Ulinisumbua nao maisha yangu yote."

Nikamkumbusha hata hivyo. Warumi walipomfukuza mfalme wao waliapa kwamba hawatamwachia tena mtu mmoja nchi nzima. Wakawa wanachagua wakubwa wawili kwa mwaka mmoja tu, wakiitwa makonsuli. Si konsuli huyu wa siku hizi wa kugonga mihuri. Hawa ndio walioshika dola. Wawili hawa walikuwa sawa kwa sawa, na mmoja akisema "napinga", amri ya mwenzake imekufa pale pale. Mjini walipokezana ukubwa mwezi kwa mwezi. Vitani, wakiwa na jeshi moja, walipokezana siku kwa siku.

"Na mmoja wao," akasema Khalfan, "siku yake ilipofika aliliingiza jeshi zima shimoni."

"Huyo alikuwa anaendesha gari kubwa," nikamjibu.

Tukakubaliana papo hapo, kwa kupeana mikono juu ya gia. Siku moja yake, siku moja yangu. Mwenye siku ndiye anayeamua tunakwenda wapi na tunakula nini, na tukifika kwa watu ndiye anayesema kwa niaba ya wote wawili. Mwenzake ana haki ya kupinga, lakini kupinga tu. Hana haki ya kuamuru. Akaanza yeye, kwa sababu funguo zilikuwa mkononi mwake. Nilijuta kabla hatujafika mlimani.

Ibra tulifikia katika sabla, ule ukumbi ambao ukoo mzima huumiliki kwa pamoja, watu hukaa humo kupokea wageni, kuamua magomvi na kupashana habari. Wanaume walikaa mviringo, kanzu zao nyeupe pe. Mimi nilikaa kimya kwa mujibu wa katiba yetu. Khalfan akawaambia, "Mwalimu huyu ametufanya makonsuli. Mnajua kule Roma, mtu akitaka kuchaguliwa alivaa joho lililopakwa chaki lipate kung'aa, akazunguka sokoni kuwashika watu mikono? Wallahi, mngekuwa Roma nyinyi nyote mngekuwa wagombea."

Sabla nzima ikacheka. Mzee mmoja akarudia kichekesho kile kwa Kiarabu ili wasiojua Kiswahili wasikikose, wakacheka na wao. Kichekesho kile ni changu. Nilimtumia Khalfan mimi mwenyewe kwa simu, kwa sauti yangu, na nilikihangaikia jioni nzima. Nikangoja aseme amekipata kwangu mimi, Abdalla. Akaendelea kula tende.

Soko la Ibra

Asubuhi ya Jumatano, siku yangu, nilitoa amri yangu ya kwanza tukiwa bado kwenye mandazi. Twende sokoni. Nilitaka kuona soko linavyosimamiwa, kwa sababu Warumi walikuwa na wakubwa maalumu wa kazi hiyo, wa kukagua mizani, kufagisha njia na kuwatia adabu wauzaji nafaka, na mtu aliyetaka kupanda cheo alianzia huko, kwenye takataka. Nimelisomesha hilo mara nyingi na wanafunzi wamelicheka mara nyingi.

Khalfan akasema, "Abdalla, leo Jumatano, na huko..."

"Leo siku yangu," nikasema.

"Haya."

Akaegesha, akaagiza chai ya maziwa, akabaki ndani ya gari. Mimi nikajitoma. Nilikuwa nimeshapita vitambaa, manukato na vipodozi nilipoanza kuona kwamba sauti zimepungua nilikopita. Mama mmoja aliyefunika uso kwa barakoa alinyanyua mkono, akanisemesha Kiarabu cha haraka, na wala si cha kunikaribisha. Nikamjibu kwa aya niliyoihifadhi utotoni, ndiyo Kiarabu nilichokuwa nacho karibu. Hapo msichana mmoja aliyebeba vifurushi vya mwajiri wake akanisogelea.

"Shikamoo babu. Umepotea?"

"Marahaba. Natazama soko."

"Leo hapa ni wanawake watupu, babu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Wanaume hawaingii." Alikuwa mtu wa Tanga, anafanya kazi ya nyumbani pale Ibra, na aliona haya kwa niaba yangu. "Toka kwa huku nikusindikize, usipite tena kule kwa wenye nguo za ndani."

Nilirudi garini. Khalfan alikuwa amemaliza chai.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia. Konsuli akanikataza."

Nitakuambieni kilichoniuma zaidi. Si kucheka kwake, kwani hakucheka. Ni kwamba yule mama wa barakoa, tulipopita mbele ya geti, alimpungia mkono Khalfan. Anamjua. Katika mji ule hata wanawake walionifukuza mimi wanamjua yeye kwa jina la baba yake.

Al Qabil

Tulisimama Al Qabil kusali adhuhuri, nikaamuru tusikawie. Tulipotoka msikitini mtu mmoja mwembamba akaishika mikono yetu yote miwili akatupeleka kwenye ukumbi wa shamba lake la mitende. Kukataa haiwezekani kule. Ukikataa utaulizwa una ugonjwa gani. Tukakaa, zikaja tende, halafu kahawa.

Mtu yule alikuwa wakili wa falaji, yaani mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, yakagawiwa mashamba kwa zamu. Wakili ndiye anayesimamia zamu hizo. Watu wenyewe wa falaji ndio wanaomteua. Nilifurahi. Nikamwomba Khalfan anitafsirie: anakaa madarakani muda gani?

"Anasema, mpaka wachoke naye au achoke nao."

Nikasema mwambie kwamba Warumi walikuwa na mtetezi wa wanyonge, na sheria ilimtaka mlango wake usifungwe mchana wala usiku, wala asilale nje ya mji, ili mwenye shida amkute. Khalfan akatafsiri. Ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyosema mimi, na mikono yake ikachezacheza. Yule wakili akasikiliza akimtazama Khalfan, akacheka akimtazama Khalfan, akamjibu Khalfan.

"Anasema, huyo mtetezi hakuwa na mke? Yeye wake anataka mlango ufungwe, kwa sababu watu wanabisha hodi alfajiri kulalamika kuwa jirani ameiba maji."

Jibu zuri. Lakini hakuniangalia hata mara moja wakati maneno yale ni yangu, na nikamwonea Khalfan wivu kwa ajili ya macho ya mtu ambaye nisingemwona tena maishani.

Wakati wote huo kijikombe changu kikawa kinajazwa. Nanywa, kinajazwa. Nanywa kwa heshima, kinajazwa. Moyo ukaanza kunidunda masikioni. Mwisho Khalfan akaninong'oneza, "Ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha. Usipokitikisa wanajua bado unataka."

"Tangu saa ngapi umeiona hali yangu?"

"Tangu cha tano. Lakini mwenye siku ni wewe."

Tulichelewa mno. Nikatikisa kikombe kile kwa nguvu mpaka tone likamrukia mwenyeji kanzuni, na nikajiambia kwamba sasa kahawa ya Waomani nimeihitimu.

Sur

Shangazi yetu wa Sur anaitwa Bi Zayana, na anazungumza Kiswahili cha mjini Unguja kile ambacho hata hapa kwetu mmeshakipoteza. Alitungoja na wali wa samaki, achari ya ndimu, na wanawe na wajukuu zake wamejaa ukumbini. Tulipokwisha sali isha nikaona zamu yangu ya kusema imefika, na safari hii hapana mtu wa kunitafsiria. Nikasema.

Nilisema vizuri, nasikitika kwamba lazima nijisifu mwenyewe. Niliwaeleza jinsi raia wa Roma alivyokwenda vitani na silaha yake aliyoinunua mwenyewe. Jinsi wakubwa walivyofanya kazi bila mshahara na kuona ni fedheha kulipwa kwa kuitumikia nchi. Jinsi walivyoteua wazee wawili wa kuwahesabu watu na mali zao, na wazee hao waliweza kumshusha mtu daraja kwa kuliacha shamba lake likaota magugu, kwa kuwa aliyeshindwa na shamba lake hawezi kuaminiwa mji. Nikawasimulia yule mkulima aliyefuatwa kondeni nchi ilipovamiwa. Akavaa joho lake, akashika mamlaka yote, akamshinda adui, akarudisha mamlaka na kurudi kulima. Hapo wajukuu wawili walikuwa wamelala na mmoja anakoroma.

Bi Zayana akasema, "Ahsante Abdalla, mwanangu. Maneno mazuri, lakini marefu. Kesho kwa wakwe yafupishe."

"Wakwe wepi, shangazi?"

Akamgeukia Khalfan. "Kwani hajui?"

Khalfan akafuta mikono yake, ingawa ilikuwa mikavu. Ikatoka hivyo, mbele ya samaki na wajukuu. Salim amepata mchumba huko Nizwa, binti wa bwana mmoja anayeitwa Hamed, aliyezaliwa Unguja akahamia akiwa mtoto. Khalfan alikwisha kwenda kumwona baba mtu mara mbili. Kesho baada ya isha, usiku wa Ijumaa kwa ajili ya baraka yake, ndio tunakwenda kuposa.

"Salim alitaka akwambie mwenyewe, uso kwa uso, Izki," Khalfan akasema. "Aliniapisha nisikwambie."

Nikasema nimechoka, nikaenda kulala. Sikulala. Wivu wa gari na nyumba naujua, nimeishi nao miaka mingi na tumezoeana. Huu ulikuwa mwingine. Mwanangu alipenda mtu, akatafuta wa kumwambia, na aliyemwambia si mimi. Nilimwona Khalfan kwa mawazo akilisikia jambo lile mara ya kwanza, akitabasamu, akimwekea mkono begani, na nikatamani kumchukia kabisa. Kilichonizuia ni kwamba angefanya hivyo kwa wema.

Sur mpaka Izki

Alhamisi ilikuwa siku ya Khalfan. Alisimamisha gari kwenye duka la halwa ili tusiende kwa wakwe mikono mitupu. Akachagua ile ya zafarani, nyeusi, inayong'aa.

"Napinga," nikasema.

Muuzaji akanitazama. Khalfan akaonyesha ya tini.

"Napinga."

"Ya lozi?"

"Napinga."

"Abdalla, halwa ni ya mwanao."

"Ndiyo maana napinga."

Tukatoka bila halwa. Nilijua ni utoto, na nilijua kwamba hata Warumi walipopingana hivi mji ulisimama na watu wakalala na njaa. Njiani akasimama tena penye moshi wa mishkaki, nikapinga na mishkaki. Yeye hakula kwa sababu yangu. Tulipita milima ile myekundu saa nyingi, njaa inatukwaruza wote wawili, na redio imezimwa.

Salim alikuwa anatungoja nje ya ofisi yake Izki. Kanzu, kofia, ndevu zimejaa. Nilimwacha mtoto na nikakuta mtu mzima. "Shikamoo baba," akasema, akaubusu mkono wangu, akanibusu kichwa, akanikumbatia na kuniweka kifuani muda mrefu, nami macho yakanijaa machozi. Kwa muda ule sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Halafu akamgeukia Khalfan. "Ammi, yaani tunafanya vipi leo? Nani atasema?"

Akamuuliza yeye. Mimi nimesimama pale.

Khalfan akasema, nusu kwa mzaha, "Leo siku yangu." Akamweleza mambo ya makonsuli.

"Jua likizama si siku yako tena," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Nikawaeleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la kwanza. Sisi usiku hutangulia mchana. Mwezi ukiandama magharibi, Ramadhani imeshaingia na tunasali tarawehe usiku ule ule. Leo baada ya magharibi ni usiku wa Ijumaa, Khalfan mwenyewe na shangazi wanauita hivyo. Ijumaa ni siku yangu. Basi usiku wa posa ni wangu.

"Hapa watu wanahesabu mpaka saa sita ya usiku, baba," akasema Salim. "Kwenye simu leo ni Alhamisi mpaka saa sita."

"Na mimi si simu."

Khalfan akafikiri. Mtu wa wizara, hawezi kuachia hoja ipite bila kuigeuza. "Kwa hesabu hiyo, juzi usiku pale Ibra palikuwa pako, na mimi ndiye niliyesema. Na jana usiku Sur palikuwa pangu, na wewe ulisema mpaka watoto wakalala."

"Tulikosea sote wawili. Kukosea jana hakuhalalishi kukosea leo."

Akazungusha funguo za gari kidoleni. Halafu akasema, "Umenishinda. Historia ulikuwa ukinishinda kila mwaka."

Kumbe alikuwa anakumbuka. Nilitamani asingelisema, kwani liliniharibia furaha.

Salim akanivuta pembeni, chini ya ukuta wa ofisi. "Baba, usinifahamu vibaya. Ammi Khalfan watu wale anawajua. Anajua desturi zao. Huoni bora..." Hakumaliza.

"Mimi ni baba yako, Salim."

"Najua, baba."

"Basi nitasema mimi."

"Haya, baba," akasema, kwa sauti ile anayoitumia mtu mzima kumkubalia mtu mzee.

Nizwa

Tuliingia Nizwa jua linazama, na nilihakikisha Khalfan ameona linavyozama. Baada ya isha tukaenda kwa Hamed. Alitupokea na ndugu yake, watu wawili wenye haya na adabu, vitambi vidogo, vilemba vimefungwa vizuri. Akaniuliza habari za Unguja kwa Kiswahili cha utotoni mwake, mtaa kwa mtaa. Nilimpenda. Nikajiona nimekaa mahali pangu.

Ikaja kahawa. Nikapewa wa kwanza, kwa kuwa ndimi mkubwa wa msafara. Nikainywa, nikaisifu iliki yake. Nikapewa cha pili, nikanywa, na safari hii nikakitikisa kikombe kiungwana, bila kumwaga, nikamtazama Khalfan aone mwanafunzi alivyofaulu. Khalfan alikuwa anatazama zulia.

Nikaanza hotuba. Sikutaka kulivamia jambo, kwetu huwezi kufika tu ukamwomba mtu binti yake. Nikasema habari za mvua, habari za safari, habari za Warumi na ujirani mwema. Hamed alisikiliza, lakini nikaona kama uso wake unapoa. Akamwambia ndugu yake neno la Kiarabu. Ndugu akatoka, akarudi na chetezo, na udi ukaanza kufuka.

Salim alibadilika rangi. Mnajua, nadhani, hata hapa kwetu mmesikia: kwa watu wale udi ukipita wageni wanaaga. Baada ya udi hapana kikao. Chetezo kilikuwa kinaanza kwangu, moshi unaingia ndevuni, na mimi sijui nimekosa nini.

Hamed akasema, "Khalfan, kahawa yako imepoa."

Ndipo nikatazama. Mbele ya Khalfan palikuwa na kikombe kimejaa mpaka ukingoni, hakijaguswa. Mbele ya Salim pia. Changu peke yake kilikuwa kitupu.

Khalfan angeweza kusema. Hamed alimwuliza yeye kwa jina, alimtengenezea mlango na kuufungua. Alikuwa na maneno, na Kiarabu, na alijulikana. Mimi ningekuwa yeye ningesema, nakuapieni.

"Imepoa, bwana," akasema Khalfan. "Inangoja haja yetu. Lakini usiku huu si wangu, ni wa Abdalla."

Nikafahamu. Kwa watu wa nyumba ile mwenye haja haonji kahawa ya mwenyeji mpaka haja yake ijibiwe. Anayekunywa amesema hana haja, amekuja kutembea. Mimi nilikuwa nimekunywa posa ya mwanangu, vikombe viwili, na nikaisifu iliki.

Hotuba yangu ilipotea yote. Nikasema, "Bwana Hamed, unikawizie udi. Mimi nimetoka Unguja, kwetu kahawa ni kahawa. Nimekunywa kwa kutojua. Naomba kikombe changu kijazwe tena, ili na mimi nisikinywe."

Hamed akanitazama, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika magoti. Chetezo kikarudishwa pembeni. Akanijazia kwa mkono wake mwenyewe. Nikakiweka juu ya zulia karibu na vya wenzangu, nikamwomba binti yake kwa ajili ya mwanangu Salim, kwa maneno mafupi kuliko yote niliyopata kuyasema mbele ya watu.

Hamed aliingia ndani kwa wanawake. Tukakaa. Aliporudi alisema, "Kunyweni."

Khalfan aliinyanyua ile kahawa yake iliyoganda kwa baridi, akainywa yote mara moja, kwa furaha isiyo na kificho. Salim alimtazama yeye kwanza. Kisha akanitazama mimi, na akanitabasamia, na lilikuwa tabasamu la kweli. Lakini nilishaona macho yalikokwenda kwanza.

Halwa ikaletwa, halwa yao, kwa kuwa sisi hatukuleta. Tulipokuwa tunakula Hamed akaniambia, kwa upole, "Mwalimu, nasikia wewe Jumapili unarudi. Na mpaka siku ya kufunga ndoa yapo mengi ya kuzungumza. Kwa upande wa kijana, nimtafute nani?"

Nilikuwa na jibu. Nitafute mimi, simu ninayo. Lilikuwa kwenye ulimi. Usiku ulikuwa wangu kwa hoja niliyoshinda kwayo, na hapana mtu pale ambaye angenipinga. Salim alikuwa ameacha kutafuna. Khalfan alikuwa ameinamisha kichwa, anakusanya punje za ufuta kwenye sahani, hataki kuniangalia asije akaonekana anaomba.

Nilimwonea wivu wakati ule kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na ninapoandika haya bado namwonea.

"Mtafute Khalfan," nikasema. "Wala si kwa zamu."